Maji ya moto na umeme wa sola: usiipe betri kazi ya jua

Kinachoua mifumo mingi ya sola ya nyumbani ni kupasha maji kwa umeme wa betri. Lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinataka karibu uniti 4.7 za umeme. Betri ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 200, hata ikijaa kabisa, ina uniti 2.4 tu, na nusu yake haifai kuguswa. Gawanya kazi: joto la jua lipashe maji moja kwa moja, paneli zibaki na taa, simu na televisheni.

Maji

Kadiria lita 50 kwa kila mtu kwa siku. Watu wanne watatosheka na tangi la lita 200 na kikusanya joto cha mita za mraba 2 hadi 3, yaani lile sanduku lenye kioo juu na bati jeusi ndani.

Mfumo usio na pampu ndio bora kwa nyumba nyingi. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe kwenye tangi, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi. Ili hilo litokee, kitako cha tangi kiwe juu ya ncha ya juu ya kikusanya joto kwa sentimita 30 hivi. Likikaa chini ya hapo, usiku maji huzunguka kinyume na asubuhi unakuta yamepoa. Bomba la baridi litoke chini ya tangi liingie kona ya chini ya kikusanya; la moto litoke kona ya juu ya kikusanya iliyo mkabala, lipande hadi kwenye tangi mfululizo bila kushuka hata kidogo. Palipo na kibonde hewa hunasa, na mzunguko husimama.

Saa sita mchana shika mabomba yote mawili kwa tahadhari. La juu likiwa la moto na la chini la vuguvugu, mambo ni sawa. Kikusanya kikiunguza huku tangi likiwa baridi, kuna hewa au uchafu umeziba. Funika bomba la moto kwa sponji ya kuhifadhi joto, nayo uikinge na jua, la sivyo itapukutika. Kama tangi linapokea maji ya presha, valvu ya usalama ni lazima. Usiizibe ikidondosha matone.

Umeme

Anza na hesabu. Taa 5 za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 175; televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni 160; simu tatu, 45; ruta ya wati 10 kwa saa 12, 120. Jumla 500. Ukigawa kwa saa 4 za jua kali, kisha kwa 0.7 kufidia upotevu, unapata wati 180. Chukua paneli ya wati 300, ili betri ijae tena baada ya siku ya mawingu. Kwa akiba ya siku mbili, betri ya asidi iwe ampia-saa 200. Ya lithiamu, 100 inatosha. Chaji kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, iwe ya ampia 30.

Waya ndipo watu wanapobania. Ampia 10 zikipita kwenye shaba ya milimita za mraba 2.5, mita 10 kwenda na 10 kurudi, volti 1.5 hivi hupotelea njiani. Kwenye mfumo wa volti 12 huo ni upotevu mkubwa, na ndiyo sababu taa hufifia huku betri ikilaumiwa bure. Waya wa milimita za mraba 6 hupunguza upotevu hadi volti 0.6.

Elekeza paneli upande wa ikweta, mwinamo ulingane na latitudo yako, yaani nyuzi ulizo mbali na ikweta, ila usipungue nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi. Epuka vivuli: hata cha tawi moja hushusha umeme wa paneli nzima. Weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Kontrola iunganishwe na betri kwanza, paneli baadaye. Unapofungua, paneli ndiyo itangulie kutoka.