Biti Imegeuka: Ni Mionzi ya Anga au RAM Imechoka?

Mionzi kutoka anga za mbali ikigonga hewa ya juu huzaa nyutroni. Nyutroni ikipiga kiini cha silikoni ndani ya chipu, chaji inayozuka yaweza kugeuza 0 kuwa 1. Chipu yenyewe haiharibiki: ukiandika data upya, biti inatulia. Schaerbeek, Ubelgiji, mwaka 2003, kompyuta ya kura ilimzidishia mgombea mmoja kura 4,096, yaani 2 kwa kipeo cha 12: biti moja tu. Mionzi ilishukiwa, haikuthibitishwa.

Mwongozo huu wa kutofautisha mionzi na RAM mbovu ni wa seva ya Linux.

1. Hakikisha una ECC (RAM yenye biti za ziada za kugundua na kusahihisha makosa). Endesha `sudo dmidecode -t memory`. Kwa DDR4 (aina ya RAM), Total Width iwe 72 na Data Width 64. Biti 8 za ziada ndizo za kusahihisha. Ukikuta 64 kwa 64, huna ECC na hakuna cha kuhesabu. Tangazo la DDR5, kizazi kipya zaidi, kuwa na "ECC ndani ya chipu" lisikulaghai: haiilindi data ikiwa njiani kwenda kwenye prosesa.

2. Sakinisha rasdaemon, programu inayorekodi makosa ya RAM, kisha iwashe:
`sudo systemctl enable --now rasdaemon`
Mcelog, programu ya zamani ya kazi hiyo, achana nayo, imepitwa na wakati.

3. Soma makosa. `sudo ras-mc-ctl --errors`. Hapa ndipo watu hutupa RAM nzima au kubaki na mbovu.

Kwanza, sifuri si lazima iwe habari njema. Kama `/sys/devices/system/edac/mc/` haina mc0, draiva haijapakiwa na hakuna anayehesabu. Kwenye seva nyingine BIOS (programu ya msingi ya bodi) hujichukulia makosa yenyewe na kuipa Linux taarifa baada ya kiwango fulani kupita. Kagua pia logi ya BMC, kompyuta ndogo inayosimamia seva. Na ce_count (hesabu ya makosa yaliyosahihishwa) hurudi sifuri kila ukiwasha mashine upya, kwa hiyo tegemea hifadhidata ya rasdaemon.

Kisha angalia anwani. Kosa moja, lisilojirudia, mahali popote: huenda ni mionzi. Anwani ileile tena na tena, au anwani tofauti lakini safu moja ya benki moja (eneo moja ndani ya chipu): chipu inakufa. Makosa yaliyotapakaa kwenye RAM zote za chaneli moja: shuku sloti, pini za prosesa, au XMP (mpangilio wa kuiharakisha RAM kupita kasi ya kawaida). XMP kwenye seva izimwe, bila mjadala.

4. Hamisha RAM inayoshukiwa kwenye sloti nyingine. Kosa likiifuata, badilisha RAM. Likibaki kwenye sloti, tatizo ni bodi au prosesa.

5. Kama kweli ni mionzi, hakuna cha kutengeneza. Washa Patrol Scrub (ukaguzi wa RAM wa mara kwa mara) kwenye BIOS, ili kosa la biti moja lisahihishwe kabla la pili halijaangukia neno lilelile (kundi lilelile la biti). ECC ya kawaida husahihisha moja, mawili huyagundua tu. Bati la madini ya risasi halizuii nyutroni. Zege nene hupunguza. Seva ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hupigwa na nyutroni nyingi kuliko ya Mombasa, ijapokuwa ugasumaku wa dunia karibu na ikweta hutukinga kuliko walio karibu na ncha.