Diski ya zamani inakatika kwenye Linux? Angalia draiva ya uas

Ndugu zangu, wiki hii hapa Mwanjelwa, Mbeya, nimeletewa diski ya nje yenye picha za harusi. Kwenye Linux ilikuwa inakatika kila faili kubwa lilipoanza kunakiliwa. Mwenyewe alishaanza kuiaga. Diski ilikuwa nzima kabisa.

Kwanza badilisha waya na tundu la USB, maana waya mbovu huleta dalili hizi hizi. Ikiendelea, fungua terminal uandike `sudo dmesg`, usome ujumbe wa mfumo. Ukiona `uas_eh_abort_handler` ikijirudia, mara nyingi tatizo ni kasha, yaani boksi la nje linalobeba diski: chipu nyingi za makasha ya zamani hazielewani na uas, draiva ya kasi ya Linux kwa diski za USB. Ilazimishe diski itumie usb-storage, draiva ya kawaida ya zamani.

Chukua namba ya kasha kwa `lsusb`, mfano 152d:0578. Tengeneza faili `/etc/modprobe.d/diski.conf`, uweke mstari huu kwa namba yako:

`options usb-storage quirks=152d:0578:u`

Hiyo `u` ya mwisho usiisahau, ndiyo inayozuia uas. Kwa Ubuntu au Debian endesha `sudo update-initramfs -u`, kisha washa kompyuta upya. `lsusb -t` ikionyesha `Driver=usb-storage`, imekubali. Kasi inaweza kupungua, lakini picha zote tulizitoa.