Somo: Kubadili lainingi za breki za nyuma, Volkswagen Beetle

Somo hili ni la Beetle za kuanzia 1968, zenye dramu (mabakuli ya chuma yanayozunguka na gurudumu) za 230 mm nyuma. Kubadili shuu zenyewe, yaani vyuma vilivyopinda vinavyobeba lainingi, ile bitana inayosugua dramu, ni kazi nyepesi. Kinachowaangusha wengi ni nati kubwa ya ekseli na mafuta yanayovuja, basi hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Lainingi ikibaki 2.5 mm, badilisha. Nunua shuu 4, maana hazibadilishwi upande mmoja tu, kotapini (pini za kuzuia nati isifunguke) 2 mpya na seti ya springi. Uwe na boksi spana ya 36 mm, bomba refu, jeki na stendi, plaizi, bisibisi, msasa, spiriti na grisi ya kuhimili joto.

1. Gari likiwa chini, hendibreki imevutwa na magurudumu ya mbele yamewekewa vigingi, ng'oa kotapini na ulegeze nati. Usilegeze nati hii gari likiwa juu ya jeki: nguvu inayotakiwa inatosha kuliangusha.

2. Piga jeki, weka stendi, toa gurudumu, achia hendibreki kisha rudisha ajasta (skrubu za kusogeza shuu karibu na dramu) nyuma kabisa. Dramu iliyotumika sana huwa na ukingo ndani unaozikamata shuu. Ikigoma kutoka, tumia pula, kifaa cha kuivuta. Ukiipiga nyundo ukingoni, chuma cha kalibu kinameguka.

3. Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa wala mdomo. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lilowanishe, ulifute kwa tambara, ulitupe.

4. Fungua upande mmoja tu, wa pili ubaki kuwa mfano wako, na upige picha kabla ya kugusa springi. Kandamiza vikombe vya pini za ubavuni zinazoshikilia shuu, zungusha robo, vitoke. Chomoa springi, kisha kebo ya hendibreki kwenye mkono ulio kwenye shuu ya nyuma. Dramu zikiwa nje, mtu asikanyage pedeli, pistoni zitaruka.

5. Sasa kagua. Funua kidogo mpira wa wili silinda, ile yenye pistoni zinazosukuma shuu: ukiona majimaji ndani, silinda imekwisha hata kama bado haijadondosha. Dramu yenye mifereji ipeleke ikakerezwe pamoja na mwenzake, zilingane.

6. Safisha nyuzi za ajasta, zizunguke kwa vidole. Tazama ncha yake kwa karibu: mfereji umekatwa mshazari ili ufuate ukingo wa shuu. Ukiugeuza kinyume, shuu inakaa upande, lainingi italika kona moja. Weka grisi kiduchu pale shuu inapogusa sahani iliyo nyuma yake. Isifike kwenye lainingi.

7. Funga shuu mpya na springi kama upande wa mfano, rudisha kebo ya hendibreki, dramu, gurudumu, shusha gari, kaza nati kwa torki (nguvu ya kuzungusha) ya 294 Nm. Tundu la kotapini lisipolingana, endelea kukaza hadi linalofuata, usirudi nyuma. Nati iliyolegea inaiacha dramu icheze juu ya meno ya ekseli, na meno yakishalika, hakuna kukaza kutakakoyaponya.

8. Inua tena. Zungusha kila ajasta hadi gurudumu lishike, rudisha meno 3 au 4 ya ajasta, kanyaga pedeli mara kadhaa shuu zijipange, kisha rudia. Hendibreki irekebishwe mwisho, baada ya shuu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, spana ya torki ya kufika 294 sina. Nifanyeje?

Jibu: Hiyo ni sawa na kilo 30 kwenye mpini wa mita 1. Lalisha bomba sambamba na ardhi, mtu wa kilo 60 asimame juu yake sentimita 50 kutoka katikati ya nati, ameshikilia gari, bila kurukaruka. Ukipata spana, hakiki.

Swali: Fundi, lainingi zangu mpya zimelowa mafuta. Nikiziosha kwa petroli zitafaa?

Jibu: Hapana ndugu yangu, zikishakunywa mafuta hazifai tena. Kwanza nusa. Mafuta mazito yenye harufu ya kiberiti ni ya giaboksi: kwenye ekseli za swing (zinazobembea pamoja na gurudumu) ndiyo yanayolainisha beringi ya gurudumu, kwa hiyo sili imekufa. Mepesi yanayobabua rangi ni ya breki, yametoka wili silinda. Ziba chanzo, ndipo ununue shuu.

Swali: Nimemaliza, ila pedeli inazama sana. Nimetoa upepo mara mbili, wapi!

Jibu: Dada, kanyaga mara mbili haraka. Ikipanda na kuwa ngumu, si upepo, shuu ziko mbali na dramu. Rudia hatua ya 8. Ikibaki laini kama sponji, ndiyo upepo. Kwa usukani wa kulia anza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia, na kopo la mafuta lisikauke katikati ya kazi.