Oili ya gia boksi na difu kwa Mazda Roadster ya zamani: namna ya kuichagua na kuibadilisha

Assalaam alaykum wanachama. Somo hili ni la wenye Mazda Roadster za 1989 hadi 1997, zile za taa za kuinuka, ambazo nje ya Japani huitwa MX-5. Mengi humu yanafaa kwa gari yoyote ya gia za mkono inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, lakini vipimo tunavyotaja ni vya Roadster yenye gia 5.

Uharibifu mwingi huanzia dukani. Mtu huomba "oili ya gia", hupewa kopo moja, akaja kuligawa gia boksi na difu, yaani boksi la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Kwenye kopo soma herufi za GL kwanza, ambazo ni daraja la oili ya gia, namba za uzito baadaye.

Ndani ya difu, pinioni (gia ndogo) imekaa chini ya kati ya kraunwili (gia kubwa ya duara). Kwa hivyo meno yake hayabiringishani tu, yanasuguana kwa kuteleza huku yakibeba nguvu yote ya gari. Oili ya kawaida hukamuliwa ikatoka, chuma kikala chuma. GL-5 ina dawa nyingi ya salfa na fosforasi inayojenga utando juu ya meno, na utando huo ndio unaoyaokoa. Kwenye difu hapana mjadala: GL-5. Ukitia GL-4 utaanza kusikia mlio wa kuimba ukiwa kwenye mwendo, na meno yakishachubuka hakuna oili itakayoyarejesha.

Gia boksi ni jengine. Humo mna pete za shaba ya manjano za sinkromeshi, zinazoishika gia na kuilinganisha mwendo kabla haijaingia. Pete hizo zinahitaji msuguano kidogo ili zishike. GL-5 ni telezi mno kwao, na baadhi ya GL-5, hasa za zamani, salfa yake huila shaba ikishapata moto. Kitabu cha Mazda kinaruhusu GL-4 au GL-5 kwenye gia boksi hii, kwa hivyo aliyetia GL-5 hajaiua gari. Lakini kwa boksi la miaka 30 lenye pete zilizokwishalika, tunashauri GL-4 tupu, na tofauti utaihisi mkononi. Kopo lenye "GL-4/GL-5" kwa pamoja lichukulie kuwa ni GL-5. Lenye "LS" ni la difu maalumu. Usilitie kwenye gia boksi hata kidogo.

Sasa uzito. Namba yenye W ni ya baridi: 75W hupimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri. Baridi hiyo Unguja na Pemba haiko, kwa hivyo 80W-90 inatosha difu na gia boksi pia. Hata hivyo 75W-90 huwa nyepesi zaidi asubuhi gari ikiwa haijapata moto, na gia ya pili ya Roadster hulipenda hilo. Ukiipata, itie gia boksi. Wala 90 isikutishe: kipimo cha oili ya gia si kile cha injini, na 90 hii ikiwa moto inakaribiana na 40 au 50 ya injini.

Gia boksi linachukua lita 2. Difu la injini ya 1.6 linachukua lita 0.65, la 1.8 lita 1. Nunua na wosha mpya za nati zote nne.

Kazi yenyewe

1. Endesha kwanza. Mwanakwerekwe hadi Tunguu na kurudi yatosha kuipasha oili moto ikashuka na uchafu wake.

2. Inua gari pande zote nne, ikae sawasawa kabisa. Ikiinama, kipimo kitakudanganya. Kwenye uwanja wa mchanga weka mbao nene chini ya kila stendi, na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

3. Fungua nati ya kutilia kabla ya nati ya kumwagia. Hii msiisahau kwa hali yoyote. Chumvi yetu hukamata nati, na ukishamwaga oili yote ndipo ukagundua ya juu haifunguki, gari imelala hapo hapo. Spana ni ya 24, ingawa nyengine za difu ni 23. Pima kwanza, kwani spana inayocheza hula pembe za nati.

4. Mwaga, uache dakika 20. Halafu tazama sumaku ya nati ya kumwagia. Matope ya kijivu, laini kama wanja, ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni meno yanayovunjika. Sasa chukua oili kidogo kwenye kidole, iweke juani: ikimeremeta vumbi la dhahabu ambalo sumaku hailishiki, hiyo ni shaba ya sinkromeshi.

5. Funga nati za chini kwa wosha mpya: gia boksi 40 hadi 58 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), difu 40 hadi 54. Jaza kwa pampu ya mkono na mpira mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kutilia. Subiri ikome, funga. Nati ya kutilia ya gia boksi ni 25 hadi 39 Nm tu.

6. Chini ya wenzo wa gia mna kikombe chake chenye oili yake peke yake, kama mililita 80. Wengi hawajui kuwa kipo. Kikikauka wenzo huwa mgumu na mpira wake hupasuka. Fungua juu, nyonya oili ya zamani kwa bomba la sindano, tia GL-4 ile ile.

Oili chafu tieni kwenye dumu mumpelekee anayeikusanya. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, yana vitundu, na kinachomwagwa uwanjani hushuka kwenye visima tunavyokunywa.

Maswali ya wanachama

Wete: Gia zangu ngumu hata baada ya oili mpya, na fundi ananambia nitie ya otomatiki. Nimfuate?

Ndugu yetu, usitie. Ni nyepesi mno kwa boksi hili. Zima injini, ingiza gia zote. Zikiingia laini, kisha injini ikiwaka zikagoma, gia boksi halina kosa: klachi haiachii. Tazama silinda ya chini ya klachi, ubavuni mwa gia boksi. Ifunue mpira wake. Ukikuta majimaji, inavuja. Ni ugonjwa mashuhuri wa gari hizi.

Bububu: Difu linaimba. Nitie 140?

Hapana. Nzito hufunika mlio kwa muda, meno yanaendelea kulika, na difu linazidi kupata moto. Mwaga, angalia sumaku, kagua beringi.

Kiembesamaki: Yangu ni ya 1.8 na ina difu la Torsen. Nitafute oili ya LS?

Haihitajiki. Torsen hufanya kazi kwa gia, haina sahani za msuguano, nayo huenda na GL-5 ya kawaida. LS ni kwa difu la sahani, ambalo likikosa oili yake hukoroma ukikata kona taratibu.

Chake Chake: Masika gari yangu ilipita kwenye maji yaliyofika juu ya difu. Nisubiri muda wa kubadilisha ufike?

Usisubiri, Bi. Difu lenye moto likizama majini ghafla, hewa ya ndani hujikunyata na maji huvutwa kwenye kipumulio na sili. Legeza nati ya kumwagia, toa matone machache tu. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia: mwaga yote, tia GL-5 mpya, endesha kilomita mia chache, mwaga tena. Na kipumulio kilicho juu ya difu kisafishe; kikiziba, oili ikipata moto hutafuta njia kwenye sili za pembeni, na watu hubadilisha sili mara mbili tatu kumbe kilichoziba ni hicho.