Kuchora Ubavu wa Mashua kwa Nukta Nne

Fundi wa mashua wa Mikindani huupata mpindo wa ubavu kwa kukunja ubao juu ya mataruma, yaani mbao za kiunzi cha mashua. Anayetaka kuuchora kwanza kwenye kompyuta ataupata kwa nukta nne na hesabu ya kugawa kati. Njia hiyo aliibuni Paul de Casteljau mwaka 1959 akiwa katika kampuni ya magari ya Citroën, lakini kwa kuwa kampuni iliificha, mistari yenyewe ikaja kuitwa kwa jina la Pierre Bézier wa Renault, jambo ambalo kwangu si haki kamili.

Tuchukue mashua ya mita 6 inayotazamwa kutoka juu. Namba ya kwanza ni urefu kwa kufuata mkuku (ubao wa msingi ulio chini, katikati ya mashua) kuanzia omoni, yaani mbele, na ya pili ni umbali kutoka mkukuni hadi ubavuni. Weka nukta ya omo (0, 0), ya tezi, yaani nyuma, (6, 0.4), na mbili za kuongozea: (2, 1.2) na (4, 1.2). Mpindo utaanzia omoni na kuishia tezini, ila hautazigusa zile mbili za kati, ambazo kazi yake ni kuuvuta tu.

Sasa tafuta katikati ya kila jozi inayofuatana: (1, 0.6), (3, 1.2) na (5, 0.8). Rudia kwa hizo tatu, upate (2, 0.9) na (4, 1). Katikati ya hizo mbili ni (3, 0.95), nayo imo juu ya mpindo: kwa pande zote mbili, mashua ina upana wa mita 1.9 hapo. Mstari unaounganisha zile mbili za mwisho unaonyesha pia mwelekeo wa ubavu, na kwa kuwa bado unapanda kidogo, upana mkubwa kabisa uko nyuma ya katikati, karibu mita 3.3 kutoka omoni. Ukitaka sehemu nyingine, tumia robo au uwiano wowote badala ya nusu, mradi usiubadilishe katika hatua zote tatu.

Kwa umbo gumu zaidi usirundike nukta, bali unganisha vipande viwili, ukihakikisha kwamba nukta ya kiungo na zile za kuongozea zilizo kandokando yake zimo kwenye mstari mmoja ulionyooka. Vinginevyo ubavu utakuwa na kona.

Uso mzima huhitaji nukta 16, yaani safu nne za nne: kila safu hutoa nukta moja kwa uwiano uliouchagua, na hizo nne huongoza mpindo wa kukatiza. Kompyuta itakubali uso uliobinuka pande zote mbili kwa pamoja, lakini ubao mpana hautakubali, kwa hiyo punguza mbinuko wa upande mmoja au panga kutumia mbao nyembamba.