Kupanga usafiri wa mtaa: hesabu watu kabla ya magari

Mipango mingi ya usafiri huanza na hesabu ya magari, ndiyo maana huishia kwenye kupanua barabara. Ukitaka mtaa ambao mtoto anakwenda shule bila kushikwa mkono na mzee anafika zahanati bila kumsumbua mtu, hesabu watu. Basi lenye abiria 60 na gari lenye dereva peke yake, kwa hesabu ya zamani, kila moja ni chombo kimoja. Kwenye karatasi yako iwe 60 na 1.

Hesabu na ramani

Weka watu wawili kwenye kila makutano makubwa. Wahesabu dakika 15 katika kila saa, kisha uzidishe kwa 4 upate makadirio ya saa nzima. Fanya hivyo asubuhi, mchana, jioni na usiku, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Tenga waenda kwa miguu, baiskeli, pikipiki, abiria wa mabasi na watu waliomo kwenye magari. Na kati ya waenda kwa miguu, tenga watoto, wazee na wanaotumia magongo au viti vya magurudumu. Usipomwona hata mmoja mwenye kiti cha magurudumu, usiandike kwamba hawapo. Mara nyingi wapo, ila ukingo wa sentimita 15 usio na mteremko umewazuia kutoka.

Kisha chukua ramani. Mtu mzima hutembea mita 400 kwa dakika 5 hivi, na mita 800 kwa dakika 10. Wengi huchora duara la mita 400 kuzunguka kituo cha basi na kusema kila aliyemo amehudumiwa. Duara hilo hudanganya. Nyumba iliyo mita 200 kutoka kituoni kwa mstari ulionyooka inaweza kuwa mita 900 kwa miguu, kwa sababu ya ukuta mrefu au mtaro usio na daraja. Tembea njia yenyewe ukipima. Palipo na njia iliyochongwa na miguu ya watu kwenye nyasi, hapo wameshakuchorea ramani: kichochoro cha mita 3 chenye taa, au kidaraja kimoja, huweza kuwasogeza watu karibu na kituo kuliko kujenga kituo kipya.

Mwendo wa magari

Hapa ndipo penye uhai wa watu, kwa hiyo usiharakishe. Dereva huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki. Kwa kilomita 30 kwa saa, sekunde hiyo ni mita 8, na kwenye lami kavu gari litakuwa limesimama kabla ya mita 14. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde ile ile inakula mita 14 na breki ndiyo kwanza inakanyagwa. Mtoto aliyejitokeza mita 14 mbele anaponea gari la kwanza. La pili linamgonga likiwa na kasi yake yote. Ndiyo sababu Azimio la Stockholm la mwaka 2020, la mkutano wa kimataifa wa usalama barabarani, lilitaka kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali magari yanapochanganyika na watu mara kwa mara, na Hispania ikakiweka mwaka 2021 kwenye barabara za mijini zenye njia moja kila upande.

Kibao peke yake hakimpunguzi dereva mwendo. Umbo la barabara ndilo linalompunguza. Basi lina upana wa mita 2.55 bila vioo, hivyo njia ya mita 3 hadi 3.25 inalitosha. Ukimpa dereva mita 3.5 au zaidi ataendesha kana kwamba yuko barabara kuu. Kona nazo zibane: nusu kipenyo cha mita 3 hadi 5 humlazimisha apinde polepole, na hufupisha mahali pa kuvuka. Tuta liwe pana kwa kufuata mwendo wa gari, kama mita 3.7, na kimo cha sentimita 7 hadi 10. Tuta jembamba lililo refu kwenda juu huumiza migongo ya abiria wa basi, na wenye pikipiki hulikwepa kwa kupita njia ya miguu.

Kuvuka

Weka kivuko pale watu wanapovuka sasa, hata kama mhandisi angependa kiwe kwingine. Piga hesabu ya muda: barabara ya mita 12 humchukua mtu mwenye nguvu sekunde 10, kwa mita 1.2 kwa sekunde. Mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji 15. Taa ikimpa 10, inamwacha katikati ya magari. Barabara ikiwa na zaidi ya njia moja kila upande, weka kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2 angalau, ili mtu mwenye mkokoteni wa mtoto asimame bila kuning'inia barabarani.

Epuka daraja la juu la waenda kwa miguu katikati ya mtaa. Likipita mita 5.5 juu ya lami, mteremko wa 1 kwa 12 wa kiti cha magurudumu unahitaji mita 66 kila upande, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Watu wataendelea kukatiza chini, na watalaumiwa wao.

Kivuko kilichoinuliwa, yaani lami iliyopandishwa kama tuta pana hadi usawa wa njia ya miguu, ni bora zaidi, lakini angalia maji. Ukikijenga bila mfereji upande wa juu wa mteremko, mvua ya kwanza itageuza kivuko kuwa bwawa. Kosa hili hujirudia sana.

Njia ya miguu iwe na mita 1.8 zilizo wazi kabisa, nguzo na vibanda vikiwa nje ya kipimo. Ili magari yasipande juu, weka vigingi vilivyoachana mita 1.2 hadi 1.4: kiti cha magurudumu kinapita, gari halipiti.

Basi

Vituo viachane mita 300 hadi 500. Basi likija kila dakika 10, watu huacha kutazama ratiba. Idadi ya mabasi ni muda wa mzunguko mzima, pamoja na mapumziko ya dereva, ukigawanywa kwa muda kati ya basi na basi: dakika 60 kwa 10, mabasi 6. Foleni ikirefusha mzunguko hadi dakika 90, utahitaji mabasi 9 kutoa huduma ile ile. Kwa hiyo njia maalumu ya basi, hata ya mita 300 tu penye msongamano, huweza kuokoa bei ya mabasi matatu na mishahara ya madereva wake.

Jaribu kwanza

Kabla ya kumwaga zege, chora kwa rangi na panga mapipa au vigingi vya muda kwa miezi 3 hadi 6. Pitisha gari la zimamoto uone kama linapinda. Tembea na wenye maduka, wanafunzi na watu wenye ulemavu njia nzima. Mkutano wa saa nne asubuhi huwakosa walioko kazini na shuleni. Baadaye rudia hesabu ile ile, saa zile zile, na upime mwendo wa magari. Madereva zaidi ya 15 katika kila 100 wakiwa bado wanazidi kilomita 30 kwa saa, bana njia tena kabla ya kujenga.