Dripu inasuasua? Bonyeza kabla ya kung'oa kanula

Nimefundishwa hili zamu ya usiku hapa Kigoma, na muuguzi mwenzangu wa siku nyingi. Dripu ikisuasua na huna hakika kama kanula (ule mrija mdogo wa plastiki) bado imo mshipani, kwanza nyoosha mkono wa mgonjwa, uangalie mpira haujajikunja chini ya plasta. Kisha iache itone, weka kidole umbali wa vidole vitatu hivi kupita ncha ya kanula, upande wa begani, ubonyeze mshipa. Matone yakisimama, na ukiachia yakarudi, kanula imo. Yakiendelea kudondoka kana kwamba hujagusa kitu, maji yanaingia nyamani: funga, itoe, tafuta mshipa mwingine. Mkono ukiwa umeshavimba, wa baridi au unauma, usipoteze muda kupima, toa tu. Kwenye mkono mnene kipimo hiki hudanganya. Kwa midilaini (kanula ndefu ya mkono wa juu) hakifai, maana ncha yake imejificha ndani karibu na kwapa. Hapo vuta taratibu kwa sirinji ya mililita 10 uone kama damu inarudi. Ukisukuma maji ikagoma, usilazimishe, na sirinji ndogo (tunazipenda, najua) ndiyo mbaya zaidi, presha yake ni kubwa.